Kibaraza cha Mto wa Mchanga

Kambi ya Visima, Turkana
4 Oktoba 1987

Kwa binti yangu Nangila,

Salamu kutoka huku kwenye joto. Mimi mzima, na kaka yako Khaemba mzima pia, ila midomo imempasuka kwa upepo. Natumaini wewe na senge yako, dada yangu, hapo Bwaise, Kampala, mnaendelea vizuri, na kwamba mvua haijawaingilia ndani tena.

Mayi, wewe uliyebeba jina la mama yangu, leo nina kazi kwako. Tunachimba visima ndani ya korongo ambalo sijui nikueleze vipi. Kuta zake zinapita mnara wa kanisa la kwetu mara tatu. Juu ni mwamba mweusi wa volkeno, katikati majivu meupe, chini udongo wa kijivu wenye makombe madogo ya konokono wa majini, kana kwamba hapa paliwahi kuwa ziwa. Mto wenyewe ni mchanga mtupu. Makorongo mengine membamba yanauingia kila upande.

Kambi yetu iko kwenye mchanga huo, na mhandisi ameagiza tuihamishe kabla ya mvua. Mpima ramani wetu aliugua akarudi Nairobi, kwa hiyo kuchagua mahali kumeniangukia mimi msimamizi. Aliacha picha mbili za korongo zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Nazituma kwa mkono wa Kasim, dereva wa lori anayeegesha Kisenyi. Wewe ndiye unayesomea mambo haya. Tazama, utuambie tukae wapi. Khaemba anasema aliacha shule ili nafasi iwe yako, sasa umtafutie kivuli angalau.

Baba yako,
Wamalwa


Kyambogo, Kampala
19 Oktoba 1987

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu na za senge. Hatujambo. Maji yaliingia Jumanne, tukapandisha godoro juu ya meza, yakatoka. Midomo ya Khaemba inaendeleaje? Mwambie ajipake mafuta, asijifanye askari.

Picha nimezipata, na nimekaa nazo siku nne mpaka wenzangu wananicheka. Chuoni tuna kifaa chenye lenzi mbili. Unaweka picha mbili kando kando, unainama, unangoja, na ghafla ardhi inainuka kutoka kwenye karatasi. Baba, nimeliona korongo lenu. Yale makorongo membamba yanafuata nyufa. Mwamba ulipasuka kwanza, maji yakaja baadaye yakaikuta njia. Mimi huwa siamini jambo mpaka nimelizungusha kichwani siku nyingi, unanijua. Hili niliamini papo hapo.

Mahali pa kambi papo. Korongo kubwa linapokutana na lile la kaskazini, upande wa ndani wa kona, pana kibaraza bapa. Zamani mto ulipita juu yake, kisha ukachimba chini zaidi ukakiacha. Nakiona kimeinuka juu ya mchanga kama jengo la ghorofa nne, mita kumi na tano hivi. Maji hayatafika huko. Ukuta wa magharibi utawapa kivuli tangu saa nane. Msipande juu kabisa kwenye mwamba mweusi. Huko hakuna kivuli, na kubeba vyombo kutawamaliza.

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Miaka yote hii mmekuwa mkinipa mimi tu.

Binti yako,
Nangila


Kambi ya Visima
8 Novemba 1987

Kwa Nangila,

Salamu, Mayi. Sisi wazima, nanyi tunawaombea hivyo. Senge apunguze chumvi kwa ajili ya presha yake.

Tumehama. Kibaraza tumekikuta kwenye kona ile ile uliyotaja, bapa kama uwanja wa mpira. Kilijaa mawe ya mviringo, tukayasogeza tukasimamisha hema tisa. Kivuli kinafika saa nane kamili, na Khaemba amesema deni lako limepungua. Kwa macho yangu hakifiki ghorofa nne, lakini mimi ni mtu wa sururu, na mwanga wa huku hudanganya. Omolo, dereva wetu, alinong'ona kitu kama hicho. Nikamwambia binti yangu amekitazama kwa lenzi mbili, yeye ana macho ya kutafutia pombe tu.

Yupo mama mmoja Mturkana anayetuuzia maziwa ya mbuzi. Alipotukuta hapa alisimama kule chini kwenye mchanga, akakataa kupanda. Akasema kwa Kiswahili chake, "Nyinyi nalala kwa koo ya mlima. Koo iko nameza." Omolo akamjibu kwamba sisi ni mfupa, litakabwa. Vijana wakacheka sana. Mimi nilimweleza kwa upole kwamba nina mtoto anayesomea ardhi Kampala. Akaniuliza, "Mtoto yako alichunga mbuzi hapa?" Tangu siku hiyo hajarudi na maziwa.

Tena kuna kichekesho. Khaemba alipochimba shimo la choo, mita nzima chini ya yale mawe alikuta kipande cha gurudumu la lori kimezikwa mchangani. Anataka umweleze: kwenye vitabu vyenu, magurudumu yalianza kuota ardhini zama gani?

Baba yako,
Wamalwa


Bwaise
29 Novemba 1987

Baba,

Nisamehe, leo siulizi habari za afya. Hameni. Hameni siku hiyo hiyo mtakayosoma barua hii, hata kama vyombo vitabaki.

Barua yako nimeipata jana. Nilifika kwenye gurudumu la Khaemba nikacheka, senge akauliza nini, nikaanza kumsomea, na katikati ya sentensi nikashindwa kuendelea. Mimi niliwaambia mto ulikiacha kibaraza zamani, kabla ya watu. Gurudumu liko chini ya mawe, Baba. Basi mawe yaliletwa baada ya gurudumu. Mto umepanda juu ya kibaraza hicho ukamwaga mita nzima ya mawe na mchanga, watu wakiwa na malori tayari.

Nilikimbia kwa mwalimu wangu, Bwana Oloya. Aliniuliza kama nilipima. Nikamwambia nilitazama. Akasema, "Nangila, lenzi zile huinua kila kitu. Kichuguu huwa kilima. Tulilisema wiki ya kwanza." Nilikuwapo wiki ya kwanza. Limo kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu, nimelipigia mstari. Tumepima pamoja kwa rula na hesabu zake. Kibaraza chenu hakizidi mita nne. Na hapo makorongo mawili yanapokutana, maji yote hubanwa mahali pamoja.

Msingoje mawingu. Mvua itanyesha milimani, mbali, na kwenu jua litakuwa linawaka. Pandeni kwenye mwamba mweusi, pale pale nilipowakataza. Yule mama wa maziwa mwombeni radhi kwa niaba yangu.

Nampelekea Kasim barua hii sasa hivi, kwa miguu.

Nangila


Bwaise
17 Desemba 1987

Baba,

Je, mko wazima? Nauliza kwa maana ya maneno yenyewe.

Kwa siku kumi na nane nimekuwa nikihesabu barua ile imefika wapi. Kichwani nimeifikisha Eldoret, nimeifikisha Kitale, Lodwar. Leo nimekwenda Kisenyi. Fundi Abudu, anayetengeneza lori la Kasim, alikuwa chini ya gari lingine, akaniambia bila kutoka kwamba Kasim aliharibikiwa na giaboksi Tororo, tarehe mosi, na yuko huko mpaka leo. Nikamuuliza kuhusu barua. Akasema, "Dada, barua inakaa na lori. Lori likilala, nayo inalala."

Sasa mpaka umefungwa, askari wa nchi hizi mbili wanarushiana risasi Busia. Nilikwenda posta, simu za Kenya hazipiti na telegramu hawapokei. Senge amenikataza kutoka, anasema wiki hii Mkenya akae ndani afunge mdomo. Kwa hiyo nimekaa ndani. Picha zenu bado ninazo. Nazitazama bila lenzi, na hapo kila kitu ni bapa. Hakuna ukuta, hakuna kibaraza, karatasi ya kijivu tu.

Wewe uliona kwamba hakifiki ghorofa nne. Kwa nini hukuyaamini macho yako? Usijibu. Jibu nalijua.

Naandika bila kuwa na wa kuibeba.

Nangila


Kimilili
5 Januari 1988

Kwa binti yangu Nangila,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na senge yako. Mimi mzima. Khaemba hatunaye.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe tatu Desemba, saa kumi. Jua lilikuwa linawaka. Mimi na vijana tulikuwa kisimani, juu kidogo ya korongo la kaskazini, Khaemba amelala hemani na malaria. Tulisikia kama malori mengi yanakuja. Kisha maji yakatokea kwenye kona, ya kahawia, yamebeba miti mizima. Yalipanda kibaraza kama mtu anavyopanda ngazi ya nyumba yake. Omolo alinishika kiuno nilipotaka kuyakimbilia, la sivyo nisingekuwa hapa. Khaemba tulimpata baada ya siku mbili, mbali sana. Tulimzika hapa nyumbani tarehe nane. Telegramu tuliyokutumia ilirudishwa.

Barua zako mbili zimenifikia juzi kwa pamoja. Ile ya pili fundi wake alimpelekea Tororo, na Kasim alipovuka alimpa Omolo zote, naye akaniletea. Ile ya Novemba, hata lori lingekuwa zima, isingefika kabla ya maji. Kasim huchukua wiki. Usihesabu tena.

Siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi, unajua kwetu ukoo huketi na kila mtu husema anachokijua kuhusu kifo. Nilisimama nikasema mahali nilipachagua mimi, na kwamba nilionywa na mama wa maziwa nikakataa kwa kiburi changu. Hilo la pili ni kweli. Omolo alinitazama, halafu akatazama chini. Mama yako hakulia. Aliingia ndani akafunga nguo zake, akaenda Bokoli kwa kaka yake, na huko yuko.

Barua zako zote tatu nimezichoma. Lililosemwa siku ya kunyoa halirudiwi. Wewe hujui lolote kuhusu kibaraza. Soma umalize.

Baba yako,
Wamalwa


Bwaise
31 Januari 1988

Baba,

Pokea salamu. Senge anakupa pole, hajui jingine la kusema.

Nilitii. Nilimwandikia mama kurasa mbili, na ndani yake sikuweka kitu ila pole. Nilipoifunga bahasha mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa, na hilo ndilo lililonitisha.

Amejibu. Anasema anamshukuru Mungu kwamba mtoto aliyembakia hakuwa na mkono katika jambo hili. Ameniandikia hivi: "Baba yako alimlaza mwanangu kwenye njia ya maji ili tu mwanamke wa Kiturkana asimshinde kwa maneno. Kama wewe ni wangu, usimwandikie tena." Anataka nimjibu kwa ndiyo au hapana.

Siwezi kusema hapana bila kueleza kwa nini. Nikisema ndiyo, nakuacha peke yako na kosa langu. Nimetafuta njia ya tatu siku tisa.

Chuoni sijaenda. Bwana Oloya alikuja mpaka hapa, akaruka mitaro kwa viatu vyake vya kazini, akasema kila mwanafunzi hukosea. Nikamuuliza ni wangapi waliokosea hivi. Alikunywa chai yake akaondoka.

Mpaka umefunguliwa. Kuna basi kila Jumatatu. Niruhusu nije nisimame mbele ya mama na ukoo, niseme mahali palichaguliwa na nani, na kwamba wewe ulimwamini mtoto wako tu. Andika neno moja, "njoo." Mpaka nilipate sitamjibu mama.

Binti yako,
Nangila


Kimilili
19 Februari 1988

Nangila,

Mama yako amebakiwa na mtu mmoja tu, wewe, anayeweza kumtazama bila kumwona Khaemba majini. Mwachie huyo.

Mjibu ndiyo.

Baba yako