Nimemwacha Mnyama, Nimechukua Gari la Pazia

Jumapili, mwezi wa saba. Masasi.

Jua la leo ni la uvivu. Linachoma kidogo, kisha linajificha nyuma ya milima ya mawe. Upepo unaleta harufu ya dawa ya salfa kutoka kwenye mikorosho. Mgongo hauumi.

Narudia, maana sentensi hii sijaiandika siku nyingi: mgongo hauumi.

Jana nimeendesha kutoka hapa hadi Nanganga, nikarudi, nikapanda Newala, nikashuka tena. Asubuhi hii nimeinama kufunga kamba za viatu bila kushika ukuta. Mke wangu alikuwa mlangoni ananitazama. Akacheka tu, akaenda kubandika chai.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni fundi wa mashine za kupulizia mikorosho. Msimu kama huu nazunguka vijijini, leo Newala, keshokutwa Tandahimba, na mara nyingi nalala hukohuko kazini, ndani ya gari. Kwa hiyo gari kwangu ni karakana, ni jiko na ni chumba cha kulala. Kwa miaka mitatu lilikuwa pikapu. Vijana wa stendi waliipa jina la Mnyama, nami nikalipokea jina hilo kwa mikono miwili.

Mnyama hakuzaliwa mnyama. Niliinunua ikiwa pikapu ya kawaida yenye adabu zake. Kisha nikaanza. Nikaitia springi za lori ili isimame juu. Nikaivisha matairi makubwa, nikaiwekea bampa la mabomba, taa sita juu ya paa, na nyuma nikachomelewa sanduku la chuma la kulala. Kila nilipopata nafasi niliongeza kitu. Aliyenichomelea ni Saidi, mtani wangu, na kila mara alinitia moyo. Sasa ndiyo naelewa kwamba mtani akikutia moyo ni vizuri ukae chini ufikiri upya.

Yalikuwa mateso matupu. Lile sanduku mchana lilikuwa tanuri, alfajiri ya Newala likawa barafu. Shimo dogo tu barabarani, kichwa changu kikagonga paa. Chupa tatu za chai zimevunjikia humo. Kupanda kwenyewe ulitakiwa ushike bomba, uinue goti mpaka kifuani, ujivute. Mke wangu alisafiri nami mara nne, kisha akasema mimi na Mnyama tunatoshana.

Lakini watu walinitazama. Hilo sitalificha. Nikipita sokoni vijana walinyoosha vidole, na watoto walikimbilia barabarani. Nina miaka arobaini na saba, na nilipenda kutazamwa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mama mkwe wangu anakaa Nanganga. Kwetu huku mkwe ni mkwe. Namwamkia kwa mbali, nimeinamisha kichwa, naye anaitikia marahaba akiwa ametazama pembeni, kanga imeshuka usoni. Hatuketi mkeka mmoja wala hatuli pamoja. Akitaka kuniambia jambo anamwambia mke wangu, hata kama nimesimama hatua tatu tu kutoka alipo. "Mwambie mwenzako avute kiti kivulini." Nami nasikia, nangoja niambiwe, ndipo navuta kiti. Wageni wakiona wanacheka. Wacheke. Huu ni mwaka wa ishirini na moja, na mimi na Mama hatujawahi kukwaruzana.

Sikukuu ya mwaka juzi tulitaka kumpeleka Newala kwa dada yake, Bi Hadija. Kwao wamebaki wao wawili tu. Mama nyonga yake ni mbovu, kubanwa kwenye basi hawezi, kwa hiyo nikajitolea mimi na Mnyama. Nikatengeneza ngazi ya chuma yenye ndoano mbili, ya kutundika mlangoni. Niliipaka rangi nyekundu. Nilijivunia ngazi ile kuliko kazi nyingi nilizolipwa.

Mama akakanyaga kidato cha kwanza. Akakanyaga cha pili. Ndoano moja ikachomoka. Akaja kinyumenyume, na nyuma yake nilikuwa nimesimama mimi.

Nilimdaka. Kwa mikono yote miwili, kiunoni, mbele ya majirani.

Ningemwacha aanguke? Haiwezekani. Lakini kumshika nako hakuwezekani. Nilimweka chini haraka, nikaenda kusimama nyuma ya choo, mtu mzima na ndevu zangu. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonitisha. Baada ya muda mke wangu alitoka ndani na ujumbe: safari imeahirishwa, Mama ana kizunguzungu.

Kizunguzungu hicho kikakaa zaidi ya mwaka. Kila tulipotaja Newala kilirudi. Mama alikwenda shambani vizuri, alitwanga vizuri, alihudhuria misiba yote ya kijiji kwa mguu na fimbo yake. Ilikuwa likitajwa gari langu tu, kichwa kinazunguka.

Nilijua.

Nakiri hapa kwa sababu mahali pengine sijawahi kukiri. Nilijua tangu siku ile kwamba hakuna kizunguzungu. Mama alikuwa anaogopa kudakwa mara ya pili. Nami nilikikubali kile kizunguzungu kwa sababu kilinifaa. Mama akiwa mgonjwa, gari langu halina kosa.

Mwezi wa tano tulikuwa Nanganga. Mimi nilikuwa chini ya Mnyama nakaza nati, mke wangu barazani na mama yake, simu imewekwa sauti kubwa. Upande wa pili ni Bi Hadija. Presha ya macho imeshalizima jicho moja, na la pili linaona vitu vya karibu tu, tena mchana. Akasema, "Somoe, mdogo wangu, njoo nikuone. Usingoje nibaki wa kukusikia."

Mama akajibu, "Kizunguzungu kikiniacha, dada, nitakuja."

Nilibaki nimelala pale chini, spana mkononi. Juu yangu kulikuwa na chuma chote kile nilichokipenda. Nikaona aibu mpaka masikio yakapata moto. Mtu atakufa kipofu bila kumwona ndugu yake wa mwisho, kwa sababu mimi napenda kunyooshewa vidole sokoni.

Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, Mtwara, aliyekuwa ananipigia simu tangu mwaka jana ninunue gari lake. Ana haisi aliyoigeuza gari la kulala. Nilishawahi kwenda kuiona, nikacheka kimoyomoyo. Nyeupe, ya chini, ndani ina kitanda cha mbao, kabati, jiko dogo la gesi, tangi la maji lenye bomba lake, na pazia la maua kati ya viti vya mbele na chumba cha nyuma. Nikaona ni gari la bibi harusi.

Safari hii nilipokwenda tena sikucheka. Nililitazama lile pazia muda mrefu, mpaka mwalimu akaniuliza kama lina doa.

Hata hivyo niliporudi nilijibishana na nafsi yangu wiki nzima. Nikasema, na mchanga wa mashambani je? Na matope? Nikajilazimisha kukumbuka ni mara ngapi kwa miaka mitatu nilihitaji kweli gari lililosimama juu namna ile. Mara mbili. Na moja kati ya hizo niliyafuata matope mwenyewe ili nipigwe picha.

Mnyama amechukuliwa na kijana wa Tandahimba. Alirukia ndani bila hata kushika bomba. Nikamuuliza kama ameoa. Akasema bado. Nikamkabidhi ufunguo kwa roho safi.

Saidi aliponiona na haisi aliacha kazi, akaizunguka mara mbili.

"Mtani, umeuza simba umenunua kuku wa mayai. Na humo ndani ya pazia mmemficha mwari gani?"

Nikamwambia, "Mayai nitakula, mtani. Simba alikuwa ananila mimi."

Basi, jana.

Tulifika Nanganga mapema. Nikalisogeza gari mpaka likagusana na baraza, nikavuta mlango wa pembeni, kisha nikaenda zangu barabarani nikasimama nimewapa mgongo, inavyompasa mkwe. Nikawa natazama pikipiki zinapita. Moyo ulikuwa unadunda kuliko siku niliyopeleka posa. Nilisikia fimbo ikigonga sakafu ya baraza. Nikasikia kimya. Nikasikia mlango ukiteleza na kujifunga.

"Tayari!" mke wangu akaita. "Amepanda mwenyewe."

Nikaingia mbele. Pazia limefungwa. Kwa mara ya kwanza mimi na Mama tulikuwa ndani ya gari moja na kila mtu ana nafasi yake.

Njiani nilisikia mengi. Kanga inakung'utwa. Godoro linakandwa. Mlango wa kabati unafunguliwa, unafungwa, unafunguliwa tena.

"Mwambie mwenzako humu kuna kabati."

Mke wangu akanigeukia kwa uso mkavu. "Mama anasema humu kuna kabati."

"Mwambie nimeliona."

"Anasema ameliona."

Maji yakachuruzika. Kisha, "Mwambie kuna na bomba la maji!" Hapo hata mimi nilicheka, na nyuma ya pazia kikasikika kicheko kidogo, kikazibwa haraka.

Kufika Newala upepo ulikuwa wa baridi, ule wa juu, unaoingia mpaka mikononi mwa sweta. Bi Hadija alikuwa ameketi mlangoni tangu asubuhi, tuliambiwa, na kila gari lililopita aliuliza kama ndilo. Mama akashuka kwa miguu yake. Bi Hadija akamshika uso kwa viganja viwili, akaugeuzia kwenye mwanga, akausogelea mpaka pua zikakaribia kugusana. Akautazama. Akautazama tena.

"Umezeeka, Somoe."

"Bora umeliona mwenyewe," Mama akasema, kisha wote wawili wakalia.

Mimi nilikwenda kukagua matairi. Hayakuwa na tatizo lolote.

Baada ya chakula Mama akataka kumwonyesha dada yake kabati. Wakaingia. Mlango ukafungwa. Nikadhani ni dakika tano. Nikasikia godoro, nikasikia vicheko, nikasikia jina la marehemu baba yao, nikasikia vicheko tena. Yakapita masaa mawili. Humo ndani kulikuwa na kofia yangu, simu yangu na sweta langu, na mama mkwe amejilaza na dada yake wamevua mitandio. Nani angebisha hodi? Nikakaa juu ya ndoo kwenye ule upepo, meno yanagongana, nimefungiwa nje ya gari langu mwenyewe. Mke wangu akaniletea kanga nijifunike. Nikajifunika. Saidi asije akajua.

Nilikuwa na furaha. Naandika hivihivi ilivyo. Nilikuwa na baridi na furaha.

Alasiri tukaanza kurudi. Mke wangu alichoka, akasinzia kwenye kiti cha mbele kabla hatujatoka mjini. Mimi naendesha, kimya, naukaribia mteremko. Ghafla, kutoka nyuma ya pazia:

"Baba Zainabu."

Nusura nikanyage breki. Nikamtazama mke wangu aamke aniambie nilichoambiwa. Amelala fofofo. Pale hapakuwa na wa kupokea maneno ila mimi.

"Naam, Mama."

"Hapo mteremkoni taratibu. Nataka kulala."

"Sawa, Mama."

Ndiyo hayo tu. Miaka ishirini na moja, na hayo ndiyo mazungumzo yetu ya kwanza. Nikashuka ule mteremko polepole, kila baiskeli ikatupita. Tulipofika chini, nyuma ya pazia Mama alianza kukoroma. Si kidogo. Alikoroma mpaka Masasi. Mtu ambaye hajawahi hata kukohoa mbele yangu bila kugeuza uso. Sijui kama nimewahi kuheshimiwa namna hiyo maishani.

Mke wangu alipoamka akasikia, alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Tumekubaliana hilo la kukoroma lisitamkwe mahali popote. Nimeliandika hapa kwa sababu Mama hasomi mtandaoni, na majina yote nimebadilisha.

Amelala kwetu. Asubuhi hii mambo yamerudi yalivyokuwa. Nimemwamkia kwa mbali, kaitikia akitazama mpapai. Nikageuka niondoke, nikasikia, "Mwambie mwenzako Ijumaa twende tena, jicho la dada halingoji. Na ile ngazi yake aitupe."

Nikangoja niambiwe.

Ngazi bado imeegemea nyuma ya nyumba, nyekundu vilevile. Nimemaliza kuandika. Nakwenda kuikata vipandevipande.