Mahindi Yameota Ndani ya Boti

Masuguru, Jumapili, 12 Aprili

Leo nitaandika yote, hata yale niliyoshindwa kumwambia Mama.

Boti ya Baba imeota mahindi. Ndiyo, boti, ile kuukuu ya faiba aliyoipata kwa kubadilishana na shamba letu la Sindeni, ili avushe watu mto Pangani. Masika yalipoanza alipanga magunia ya mahindi juu ya sitaha yake na kufunika turubai, kana kwamba ni ghala. Punje zikaangukia kwenye nyufa. Leo tumeondoa magunia tukakuta miche imechomoza, ya kijani kabisa.

"Baba Zaina, umepata shamba jingine!" jirani yetu Mzee Mhina akacheka.

"Njoo upalilie basi," Baba akamjibu, naye akicheka.

Mimi sikucheka. Mahindi hayaoti pakavu. Nilibonyeza sitaha kwa kidole gumba, kikazama. Mbao za chini ya faiba zimeoza, mpaka kule nyuma inapofungwa injini.

Baba aliniona. Aling'oa mche mmoja polepole, akasema bila kunitazama, "Tutapiga rangi, mwanangu. Jumamosi tunaishusha majini."

Rangi! Na Mama ndiye abiria wa kwanza. Ameshaandaa khanga ya kuvaa siku hiyo.

Injini yenyewe leo ilikohoa, ikawaka. Nilifurahi kidogo. Lakini itashikiliwa na nini, kama mbao zenyewe...

Shajara yangu, nijibu kabla ya Jumamosi: binti anamwambiaje baba yake kwamba boti haifai, wakati shamba halipo tena?