Kule Chini kwa Mdogo Wetu

Kwako Dada Mkubwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Sijui kama wale wazee unaowatunza huko bado wanakuita kwa majina ya binti zao. Ulituambia kwamba siku hizi unaitika tu, nasi tukacheka. Sisi huku tunaamka, tunakwenda kazini, tunarudi. Mguu wa mama umepungua uvimbe, presha inapanda na kushuka, na bati la jikoni lililokuwa likivuja nimeliziba. Mimi mwili ni mzima. Hayo ndiyo mazuri niliyo nayo, nimeyatanguliza yasije yakapotea katikati ya mengine.

Nimekuandikia badala ya kukupigia kwa sababu nikishika simu tu mama anavuta kigoda na kukaa ubavuni kwangu. Haya ninayotaka kukuambia hayasemeki yeye akiwa anasikia.

Najua shangazi amekwisha kukupasha kwamba nilizama ziwani nikamwona mdogo wetu, na kwamba mama hatimaye amekubali msiba. Najua pia ulifurahi, kama mtu anaweza kufurahia jambo la namna hiyo. Naomba unisikilize nikueleze ilivyokuwa, kuanzia mwanzo, maana shangazi husimulia mwisho kwanza kisha akaenda zake.

Wewe ulikuwa umeshaondoka lile tishali la kubebea saruji, alilokuwa akifanyia kazi mdogo wetu, lilipopinduka. Nahodha na fundi wa mitambo waliogelea wakaokolewa. Mdogo wetu alikuwa amelala kwenye kile kichumba cha nyuma, zamu yake ilikuwa haijafika. Wazamiaji wa serikali walishuka, wakapanda, wakatuambia kwamba tishali limelala kifudifudi, mifuko imepasuka, na saruji imemwagika mlangoni ikaganda. Walisema hakuna mtu atakayeufungua mlango ule. Wakatupa pole, wakakunja kamba zao.

Mama hakuipokea pole hiyo. Majirani walipoleta viti vya kukodi aliwauliza viti ni vya nani. Aliwaambia mwanawe yuko kazini, na akirudi akakuta watu wamejaa uani atadhani ni mama yake aliyekufa. Basi watu wakabeba viti vyao wakarudi. Tangu hapo akawa haukomei mlango wa mbele ili mtoto asije akagonga bila kusikika. Wezi wakaingia wakachukua redio, na yeye akashukuru kwamba hawakugusa viatu vya mwanawe. Chakula alipika cha watu watatu, chake akakiacha kwenye sahani. Alikonda, Dada, mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni akiosha vyombo.

Siku moja nikamwambia kwa ukali kwamba mtoto yuko chini ya ziwa na hatarudi. Sikupenda kuwa mkali, ila nilikuwa nimechoka. Mama hakugombana nami. Aliniuliza taratibu tu nani amemwona. Alisema wale wazamiaji hawamjui mwanawe, hata wangekutana naye barabarani wangempita. Mmoja wa damu yake akishuka akamwona kwa macho yake, aje amwambie, na yeye atalia kama mama wengine wanavyolia.

Ndivyo nilivyokwenda kwa mwalimu wa kuzamia. Yule bwana hufundisha wageni wa hoteli ile ambayo mimi huwatengenezea mafriji na chumba cha barafu. Ni mtu mzima, mzito wa maneno, sauti imemkauka. Aliniuliza kama najua kuogelea, nikamjibu kwamba najua kama watu wote. Akasema watu wote huzama. Hata hivyo alinikubalia, na akaanza kunifundisha kwenye bwawa la hoteli asubuhi kabla wageni hawajaamka.

Nisikufiche, nililipenda lile somo. Mtungi, koki, geji na mpira wa hewa ni vitu vyangu, nimevishika ujana wangu wote. Nilijiona nimezaliwa humo. Kilichonishinda ni kidole gumba tu. Kwa wazamiaji, ukionyesha gumba juu maana yake unataka kupanda, na mimi kila nilipotaka kumjulisha mwalimu kwamba niko sawa nilimwonyesha gumba, naye akanipandisha. Alisema hajawahi kupata mwanafunzi mwenye furaha anayetoka majini haraka namna ile. Alinisisitizia mawili, nisibane pumzi hata kidogo na nisiguse chochote ambacho yeye hajaniambia niguse.

Alinieleza pia ukweli. Tishali limelala mahali ambapo hata yeye angefikiri mara mbili. Mwanafunzi kama mimi angeweza kushuka kwenye kamba ya boya lililowekwa pale juu, mpaka mwanga unapoanza kufifia, akae kidogo, apande. Alisema anaweza kunisogeza, hawezi kunifikisha. Nilimwitikia, ila moyoni nilikuwa nimeshapanga kwamba nikiwa pale nitatazama chini mpaka nione kitu, ukingo wa chuma, mlango, chochote cha kumpelekea mama.

Siku yenyewe mama aling'ang'ania kuja. Alikaa gatini juu ya kreti la soda, mwavuli mkononi, akaniangalia ninavyovaa yale magwanda yanayobana. Alisema nimefanana na soseji. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akitania tangu ajali, na nilipanda mtumbwi wa mwalimu nikiwa na matumaini makubwa kuliko inavyompasa mtu mwenye akili.

Tulishuka. Kwanza maji yalikuwa kijani, kisha yakawa kama chai ya rangi iliyokolea. Masikio yaliuma, nikayazibua kama nilivyofundishwa. Pumzi yangu niliisikia kama mtu anayekoroma jirani yangu. Tulipofika mwisho wa ruhusa yetu mwalimu alinionyesha mkono nisimame. Nikashika kamba, nikatazama chini kupita miguu yangu. Dada, niliona kiza. Nilipunga mkono mbele ya macho, nikaona mkono. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu.

Ndipo nikaona mapovu. Madogo madogo, yanatoka kwenye shingo ya mtungi wa mwalimu aliyekuwa amegeukia upande wa pili. Wewe unajua kazi yangu. Mimi hutafuta uvujaji kwa povu la sabuni, na nikiona povu linachemka kwenye koki, ninaifunga kwanza halafu ndiyo ninauliza. Mkono ulikwenda wenyewe. Niliifunga koki ya mtungi wa mwalimu mpaka mwisho, vizuri kabisa, kama fundi.

Alivuta pumzi, akavuta tena, akakosa. Mimi nilidhani nimemwokoa. Aligeuka akanitazama kupitia kioo cha usoni, hakupapatika. Alichukua ule mdomo wa akiba unaoning'inia kifuani kwangu akautia kinywani mwake, tukawa tunavuta mtungi mmoja, uso kwa uso, kama watoto wanaogombania ziwa la mama mmoja. Kisha akaushika mkono wangu, akaupeleka nyuma yake kwenye koki, akanionyesha nizungushe. Ilipofunguka akaniinulia kidole gumba. Safari hii nilielewa vizuri.

Ndani ya mtumbwi alivua magwanda yake yote. Kisha akasema mapovu madogo pale ni kawaida, kila mtungi unayo. Akasema ana mabinti wawili. Akasema hatanishusha tena, na atawaambia wenzake wote wasinishushe. Hakunikaripia. Ningefurahi kama angenikaripia.

Basi umeshaelewa. Sikumwona, Dada. Sikuona tishali, sikuona mlango, wala hata matope ya chini sikuyaona. Shangazi hakukudanganya, ni mimi niliyemdanganya yeye na kila mtu.

Tulipofika gatini mama alikuwa ameshasimama. Alinishika uso kwa mikono miwili, mwavuli ukaanguka majini, akaniuliza kama nimemwona. Nilimtazama vidole vile vilivyobaki mifupa nikajibu kwamba nimemwona. Mwalimu alisikia. Aliinama akafunga kamba ya mtumbwi ambayo ilikuwa tayari imefungwa. Mama akaniuliza yukoje, nikasema amelala kwa ubavu, mkono chini ya shavu. Akaketi juu ya lile kreti akalia. Alilia mpaka wavuvi wakavua kofia zao.

Jioni ile aliukomea mlango. Viti vya majirani vikarudi, akakaa katikati yao, akala. Mimi nililala usingizi mzito, na nikajiambia kwamba uongo wangu umefanya kazi iliyowashinda wote.

Haukupita muda maswali yakaanza. Alivaa shati gani? Nikasema la bluu. Akasema mbona aliondoka na ovaroli, nikasema ovaroli alilivua akajifunika. Mdomo ulikuwa wazi? Umefumba. Kuna baridi kule? Nikasema ipo. Kila jibu lilizaa swali lingine, nami nikawa namvalisha na kumvua ndugu yangu ninayemfahamu hata namna ya kupiga chafya, kama mtu anayepanga nguo dukani. Kisha jioni moja akaniuliza swali ambalo ningelifikiria mapema ningenyamaza pale gatini. Kama nilimfikia karibu kiasi cha kuona shavu lake, nilimwachaje?

Nilisema mlango umeganda, akasema mbona ulimwona ndani. Sasa wakija wageni anawaonyesha mimi na kuwaambia kwamba huyu alimwona mdogo wake akamwacha. Hasemi kwa hasira, anasema kama anavyotaja mahali choo kilipo. Kila asubuhi anakuja karakana yangu, anasimama mlangoni kati ya mafriji mabovu, ananiuliza ninashuka lini kumleta. Nikimwambia ukweli, atafungua tena ule mlango na kukonda mpaka afe. Nisipomwambia, mimi ndiye niliyemwacha mtoto. Nimegeuza huku na huku, sioni pa kutokea. Na mimi mwenyewe, Dada, bado sijamlilia mdogo wetu, kwa sababu yule niliyemsimulia kwa mama simjui.

Unakuja mwezi ujao. Sikuombi unitetee wala unisute. Nakuomba tu usiniulize alilalaje mbele ya mama, maana nitajibu.

Wasalimie shemeji na watoto, waambie mjomba wao anawakumbuka. Mama anakusalimu sana, yuko uani anaanua nguo. Anajua nakuandikia, na ameniagiza neno moja nisilisahau. Ukija ulete blanketi, lile zito la sufu la huko kwenu. Si lake. Anasema nilimwambia mwenyewe kwamba kule chini kuna baridi, na kama nimeshindwa kumtoa, basi angalau nikamfunike.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Barafu