Gauni za Picha

Jumatatu, 9 Septemba 1957

Komite imekaa leo kwenye foyer, nyumba ile ambamo wanawake wanafundishwa kushona na kupika. Madame, mke wa bwana mmoja wa ofisini, ndiye mkubwa wetu. Kalisa ndiye karani. Mwalimu Phocas anasemea shule ya misioni. Mimi nimetiwa humo kwa sababu watu wananijua, toka mtaa wa Mbugangari mpaka Nengo, na Kifaransa nakisikia kidogo. Kazi: watoto wanaokosa shule kwa ajili ya umaskini. Mimi niwatafute majumbani, Phocas awapokee, Madame atafute nguo na chakula.

Kazi nzuri. Ila tulipotoka kutembelea nyumba za ziwani, Madame alipangusa mikono kwa leso ya marashi. Hakuwa amemgusa mtu yeyote.

Jumatano, 11 Septemba

Nengo, kwa Xavérine. Mjane. Mumewe alizama ziwani mwaka jana, na wenzake wakabaki na mtumbwi. Sasa anauza samaki wa watu wengine. Binti yake Nyiransabimana ana kitambaa kimoja, wanakivaa kwa zamu na mdogo wake. Mmoja akitoka, mwingine anakaa ndani. Phocas alishamrudisha mtoto huyu kutoka mlangoni — asiyevaa vizuri haingii, ndiyo kanuni.

Mama hakutaka kunisikiliza.

"Mutu wa komite alisha kuja," alisema. "Aliandika jina ya mutoto, akaenda."

Nikamwambia safari hii nguo ziko kweli. Kaka yangu Abdu ndiye fundi, nimeziona mezani kwake. Akanitazama sana.

"Bon. Basi ni wewe nitakuuliza."

Alhamisi, 19 Septemba

Sijala tangu mchana.

Wageni Wazungu kutoka Brisele walikuja kuona kazi ya komite. Watoto tuliwaleta foyer asubuhi. Madame akasema vitambaa vyao vina chawa. Mlinzi akavimwagia mafuta ya taa nyuma ya jiko, akavichoma. Moshi mweusi, unanuka jasho na samaki. Sikuhuzunika. Watoto walikuwa wamekwisha vaa nguo mpya, gauni za bluu na kaptura za kaki. Nyiransabimana alitembea polepole uani, kama mtu aliyebeba maji kichwani.

Halafu picha. Kila mtoto alipewa mkate aushike, asiume mpaka mashine ilie. Mmoja akauma. Kalisa akamgeuzia mkate mkononi ili upande mzima utazame mbele.

Wageni wakapanda voiture yao, gari likaondoka. Vumbi halijatulia, Madame akasema watoto wavue.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikauliza. Kalisa akanieleza taratibu, kama anasema na mtoto: "Nguo ni ya komite, Saidati. Jumatatu inavuka mpaka, inaenda Goma. Wageni watapiga picha na watoto ya kule."

"Na hawa warudi na nini? Vitambaa vyao mmechoma."

Madame akataka kujua nasema nini. Kalisa akamwambia kwamba ninashukuru. Nilisikia neno lenyewe la Kifaransa. Madame akatabasamu, akanipigapiga begani.

Watoto wamerudi kwao wamevaa magunia matupu ya maharagwe. Mimi ndiye niliyekata matundu ya kichwa na mikono, maana hakuna mwingine aliyekubali kuwasogelea. Nyiransabimana hakulia. Aliinua mikono juu mwenyewe ili gunia lishuke. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, jinsi alivyojua kutii.

Ijumaa, 20 Septemba

Xavérine amekuja. Nilimkaribisha ndani, hakuingia. Hakupandisha sauti.

"Ulimuchukua na kitambaa. Umenirudishia gunia."

Sasa na yule mdogo hana cha kuvaa, kwa sababu kitambaa kilikuwa chao wote wawili. Akaenda zake.

Nikamfuata Phocas. Alikuwa anakunywa chai. "Mi ni mutu mudogo, dada," alisema. Nikamuuliza kama atawapokea watoto vilevile walivyo. Akasema na gunia, hapana, kanuni ni kanuni. Kikombe alichonimiminia nilikiacha pale pale.

Jumamosi, 21 Septemba

Kalisa ameleta sanduku la nguo. Nizifue na kuzipiga pasi kabla ya kwenda Goma, kwa sababu eti zinanuka. Nimezinusa moja moja. Zinanuka kitambaa kipya. Zilivaliwa muda wa picha tu. Uchafu uko kwao wanaosema hivyo, hauko hapa ndani ya sanduku.

Jumapili, 22 Septemba

Nimezigawa.

Abdu alinizuia mlangoni. "Unataka nifungiwe duka? Kibali yangu iko mezani kwa bwana ya huyo Madame." Ni kweli, na ana haki ya kuogopa. Nikapita.

Nyumba kwa nyumba, kila nguo kwa mwenyewe. Wengine walipokea mbio, wengine waliuliza mara nyingi. Xavérine hakunyosha mkono.

"Kesho mutamunyanganya tena."

"Wakija, waje kwangu. Sema Saidati ndiye alileta."

Mtoto hakungoja tumalize. Alilivaa gauni juu ya gunia, hapo hapo nje.

Jumatatu, 23 Septemba

Asubuhi walikwenda shule. Phocas aliwatazama juu mpaka chini, akasogea mlangoni, wakaingia.

Kisha Kalisa akaja kuchukua sanduku. Akalifunua. Akauliza nguo ziko wapi. Nikamwambia zimevaliwa, ndiyo kazi ya nguo. Akasema wageni wako Goma wanangoja, Madame atasema nini. Hakuuliza watoto watasema nini. Nisitoke hapa, akasema, anakwenda kumleta Madame mwenyewe.

Sitoki. Naandika. Abdu yuko kwenye cherehani, mguu unakanyaga, sindano inapanda na kushuka, na chini yake hakuna kitambaa.

Xavérine ameingia sasa hivi, anahema. Wapagazi wa barrière, pale mpakani, wamemwambia nimekamatwa. Amemtoa mtoto darasani, amekuja naye. Nimemwambia bado sijakamatwa.

"Mi sitaki ufungwe juu ya gauni," anasema. "Nilikuletea yake. Irudishe."

Nimemwambia sirudishi. Hanisikilizi. Amepiga magoti mbele ya binti yake, anafungua vifungo kuanzia shingoni. Nyiransabimana anavifunga tena, kimoja nyuma ya kingine, kila mama yake anaposhukia cha chini. Abdu ameacha kukanyaga.

Voiture imesimama nje.

Mama anafungua. Mtoto anafunga.