Mzee wa Jiwe Niliyemwamkia

Mama, shikamoo. Huku Minneapolis theluji imejaa na mgongo unauma, ila mimi mzima.

Kwenye makumbusho ninayosafisha kuna sanamu ya mzee wa Kirumi, ndiye huyu kwenye picha ya kadi hii. Jana nikipiga deki niliinua macho, nikasahau ni jiwe, nikamwamkia: "Shikamoo, babu." Mwenzangu Salim wa Mombasa akajibu kutoka nyuma yake, "Marahaba mwanangu, na pale kwenye kona hujafuta!"

Tazama, wamemchonga na makunyanzi yote, mashavu yamebonyea kwa kukosa meno. Nawe unakataa kupigwa picha mpaka upate meno ya bandia. Mama, uso wako umeanza kunipotea. Nitumie picha hivyo hivyo ulivyo.

Mungu akutunze, pamoja na kila kunyanzi.

Mwanao, Elia