Nimekataa Kusaini

Chumba namba 9,
Nyuma ya karakana ya magodoro.
14 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Habari za huko, na ule mgongo unaendeleaje? Nyumbani wote wazima, mgonjwa ni mimi tu. Usiucheke mwandiko huu. Naandika kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia umefungwa plasta ngumu mpaka kwenye kiwiko.

Niliteleza kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Mashine ya tatu inavuja tangu mwaka jana, tumesema mpaka midomo imechoka. Nikaangukia kiganja, puu! Hospitali wakapiga picha, wakaandika kwenye cheti kwa Kiingereza: "fracture".

Meneja wetu tunamwita Bwana Saa, maana hata ukipiga chafya anatazama saa. Aliposoma cheti akacheka.

"Kumbe hujavunjika! Ni fracture tu. Jumatatu uje kwenye pasi."

Akanipa karatasi nisaini kwamba nimeumia kidogo na niko tayari kwa kazi. Nisiposaini, nafasi yangu anapewa mwingine. Na wenzangu waliamini maneno yake, Shangazi. Hata mimi! Chumba kizima tulijua fracture ni mdogo wake kuvunjika.

Jumapili nikaitoa ile kamusi nene ya Kiingereza uliyoniachia, iliyokuwa ikizuia dirisha lisijifunge. Loo! Neno lina asili ya Kilatini, kwenye kitenzi cha kuvunja. Uvunje mfupa, upasuke mwamba, hata watu wa kundi moja wakigawanyika, neno ni hilo hilo. Tena ni ukoo mmoja na lile neno "fragile" wanalobandika kwenye maboksi ya glasi ili tuyabebe taratibu. Yaani glasi zinahurumiwa kuliko mimi! Nililia kwa hasira, kisha nikala nikashiba.

Jumatatu nikaenda, kamusi kwapani. Nikawasomea wenzangu kwa sauti, Bwana Saa amesimama mlangoni. Mama wa mashuka, yule mpole asiyegombana na mtu, akanyanyua kidole chake kidogo kilichopinda.

"Na mimi uliniambia ni fracture tu. Nimekunja mashuka nacho wiki sita."

Bwana Saa akasahau hata kutazama saa. Akanisukumia karatasi: "Saini, au nenda."

Nikashika kalamu kwa kushoto, nikaandika herufi kubwa zilizolala kama walevi: MKONO UMEVUNJIKA. Mama wa mashuka akasaini chini yake. Akafuata wa taulo, akafuata wa pasi, mpaka karatasi ikakosa nafasi.

Kama kazi bado ninayo, sijui. Naogopa, sikufichi. Lakini kwenye pasi sirudi mpaka mfupa uunge. Wakitaka kunifukuza, wanifukuze na mkono wangu mzima.

Nisalimie mapacha, na mkweo mwambie apunguze chumvi. Mungu aushike mgongo wako, na mfupa wangu aukumbuke.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye kwa mkono wa kushoto mpaka wa kulia upone.