Sauti Ulizonitumia Wakati wa Korona

Maskati

Kwa mdogo wangu Rukia,

Salaam aleikum warahmatullah. Hapo Burat mmeamkaje? Amina bado anakimbia uji? Mvua imewafikia, au bado inazunguka kwa Wameru tu? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, isipokuwa magoti. Bado napika kwa mwajiri yule yule, na bado analalamikia pilipili yangu.

Usishtuke kuona karatasi. Nimempa Zeinabu, yule mwenzangu wa kazi anayerudi Isiolo, akuletee mkononi. Kwenye simu najijua: ukisema neno moja mimi nasema kumi, na tisa kati yake ni amri.

Mama ameniambia una mimba ya miezi mitano. Nilifurahi sana. Kisha nikamuuliza nani mwingine anajua, akanitajia watu mpaka muuza maziwa. Ni mimi tu ambaye hukuniambia. Niliumia, Rukia, na niliumia zaidi nilipoona kwamba una haki.

Mimba ya Amina ilikukuta korona imefunga kila kitu. Mumeo alikuwa amekwama na lori mpakani, na mimi nikajifanya chifu wa nyumba yako kutoka ng'ambo. Nilimkataza Mama asitoke Merti. Wanawake wa mtaa walipotaka kuja kukukaangia buna, kahawa yetu nzima nzima, kwa samli na kukuombea dua, kama tunavyomfanyia kila mwenye mimba, niliwapigia simu mmoja mmoja wasikanyage mlango wako. Nilidhani nakulinda. Ugonjwa haukuingia kweli, lakini na mtu pia hakuingia.

Ndipo ukaanza kunitumia sauti. Hulali. Unanawa mikono mpaka ngozi inapasuka. Kliniki unaiogopa, na kila ukisinzia unaota mtoto hapumui. Nami nikakupa lile jibu letu la nyumbani: "Nyamaza, mwenye mimba hataji mabaya. Ukiyataja yanakuja." Ukanyamaza. Na mimi mjinga nikamwambia Mama, "Rukia ametulia sasa, mashallah." Nilikusifu kwa kunyamaza!

Aliyekuona ni Mama Nkatha, muuza mboga, ambaye si ndugu yetu wala si wa dini yetu. Alinisimulia mwenyewe nilipokuja likizo mwaka jana. Kila asubuhi aligeuza debe chini ya dirisha lako, akakaa, barakoa kidevuni, akakuambia, "Mimi siingii, usijali. Wewe nyamaza tu, mimi niko na maneno ya kutosha watu wawili." Akakupa habari za bei ya sukuma na za mbuzi wa jirani waliokula kabeji zake. Siku ya nane ukamwambia unatamani ulale usiamke tena. Hakukuambia unyamaze. Alifunika mboga zake kwa gunia, akakushika mkono mpaka kwa nesi, na nesi akasema huo ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, unatibika, wala si upungufu wa imani.

Amina alizaliwa mzima, lakini ulikaa wiki nyingi kabla ya kuweza kumshika bila kulia. Nilipoyasikia hayo yote nilikuja kwako nikakupa leso mbili na manukato. Msamaha sikuomba. Waliosema majuto ni mjukuu hawakukosea. Wangu amekuja na hataki kurudi kwao.

Sauti zako bado ninazo kwenye simu. Wakati ule nilikuwa nasikiliza nusu, nikidhani mwisho naujua. Juma lililopita nilizisikiliza zote. Ile ya mwisho, ulipomaliza kusema, hukuzima. Nasikia kuku wako, nakusikia ukipumua, kisha unasema polepole, "Dada, sema kitu tu. Chochote." Nilikaa jikoni na wali wa watu ukaungua.

Nisamehe, mdogo wangu. Usiponisamehe leo, sitakulaumu. Mama yuko tayari kutoka Merti na buna na samli yake, lakini nimemwambia angoje neno lako, si langu. Nenda kwa yule nesi mapema, usingoje mpaka... Unaona? Nimeanza tena amri.

Nisalimie mumeo, dereva asiyepokea simu. Mbusu Amina kwa niaba ya shangazi, maana ndivyo anavyoniita hata nikimwambia mimi ni mama yake mkubwa. Mama Nkatha mpe mkono wangu wa heshima, umwambie debe lake nalikumbuka kila siku.

Ukishasoma hii, nitumie sauti. Iwe ndefu utakavyo, utaje hayo mabaya yote. Na ukikosa la kusema, acha simu irekodi kuku. Safari hii nitasikiliza mpaka mwisho.

Ni mimi dada yako,
Halima